Viungo vinavimba Goma: dexa iko karibu, dawa yenyewe iko mbali

Tarehe 12 Oktoba ya kila mwaka ni siku ya dunia ya magonjwa ya viungo. Mwaka 2025 ilipita, na sisi wenyewe kwenye antena yetu hatukuisemea hata dakika moja. Tulikuwa na habari za barabara, za feranga kukosekana, za watu wanaotafuta kurudi vijijini. Lakini ujumbe unaoingia kwenye telefone ya radio haufuati kalenda. Mara kwa mara kuna mtu anauliza jambo lile lile: mama yangu vidole vinavimba, asubuhi hawezi kukamua nguo wala kufungua kifuniko cha bidoni, ikifika saa nne anafunguka kidogo. Ni baridi ya Goma? Ni moshi wa Nyiragongo? Ni mtu amemutupia kitu? Kwenye farmasi walimupa dexa, akapona siku tatu, kisha ikarudia. Tufanye nini?

Tuanze na baridi. Mji wetu uko kwenye urefu wa karibu metre 1500, na asubuhi za hapa mtu mwenye kuumwa mifupa anazisikia kweli. Lakini baridi haili mfupa. Inaongeza kusikia maumivu, basi. Kitu kinachokula mfupa kwa mama wa namna hiyo kinatoka ndani ya mwili wake mwenyewe, na waganga walichukua miaka mingi kukielewa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo sisi wote tunayaita rimatisme. Kuna viungo vilivyochoka: goti la mtu aliyebeba mizigo miaka thelathini, aliyesukuma chukudu, aliyepanda na kushuka juu ya mawe ya volkano. Hilo linauma ukifanya kazi na linapoa ukipumzika. Na kuna viungo vinavyowaka: vinavimba, vina moto ukivigusa, mara nyingi ni vidole na viganja vya mikono yote miwili kwa pamoja, vinakaza asubuhi kwa muda wa saa moja au zaidi, na vinafunguka kadiri mtu anavyotembea. Mtu huyo anachoka hata bila kufanya kazi, anapunguka kilo, wakati mwingine ana homa ndogo na watu wanamupima malaria mara tano. Huu wa pili ndio tunaouzungumzia. Mara nyingi ni ule ambao Wafaransa wanauita poliartriti rumatoide, na unapata wanawake kuliko wanaume.

Watu wengine wanasema ni ugonjwa wa wazungu. Hapana. Waganga wa Universite ya Kinshasa, Jean-Jacques Malemba na wenzake, pamoja na watafiti wa Leuven kule Ubelgiji, walihesabu wagonjwa ndani ya wakaaji wa Kinshasa na kuchapisha kazi yao mwaka 2012. Walikuta karibu 0.6% ya watu wana ugonjwa huu. Ndio kusema watu 6 kwa kila 1000, karibu sawa na Ulaya. Piga hesabu ya kijuujuu: kwa kila wakaaji laki moja, ni watu 600. Chukua kartie yako uihesabu.

Sasa, namna gani mwili unajipiga wenyewe? Chembe za ulinzi wa mwili zinaongea. Hazina mdomo, kwa hiyo zinatumiana protini ndogo sana ambazo wasomi wanaziita sitokini. Chembe moja ikiona adui inatoa sitokini, jirani anazipokea na yeye anatoa zake, damu inakimbilia mahali pale, mahali panavimba, panakuwa pekundu, panauma. Ndiyo sababu jeraha linavimba kabla ya kupona. Adui akiisha, kuna protini nyingine zinazosema basi, kila mtu arudi nyumbani.

Sisi wa Goma tunaelewa mambo haya haraka kuliko wengine, kwa sababu tunajua radio trottoir. Mtu mmoja anapiga telefone kutoka Sake, mwingine anaongeza lake, dakika kumi baadaye Birere nzima inafunga maduka na wamotari wanakimbia bila abiria. Saa zingine habari ilikuwa ya kweli, kama Mei 2021 volkano iliposhuka. Saa zingine hakukuwa kitu, lakini mali imeharibika vilevile. Ndani ya kiungo cha mgonjwa hali ni hiyo ya pili: ulinzi wa mwili umechukua nyama yake kuwa adui, na sitokini zinazunguka mchana na usiku bila mtu wa kusema basi. Ngozi nyembamba ya ndani ya kiungo inanenepa, inatambaa juu ya gegedu, ile sehemu laini ya mwisho wa mfupa, na chembe zinazokula mfupa zinaamushwa. Ukingoja miaka, vidole vinapinda na havirudi tena.

Sitokini ni nyingi, na kwa muda mrefu wasomi wengi waliona haina maana kuziba moja wakati ziko makumi. Watu wa maabara moja ya London, Marc Feldmann na Ravinder Maini, walichukua nyama ya viungo vya wagonjwa na kuiweka hai ndani ya vyombo. Walipoziba sitokini moja iitwayo TNF, nyingine nazo zikapunguka, kama vile kumunyamazisha mtu wa kwanza aliyeanzisha uvumi. TNF ilijulikana tangu 1975 kwa kazi nyingine kabisa, ya kuua uvimbe wa kansa kwa panya. Jina lake linatoka pale. Mwaka 1992, kwenye hospitali ya Charing Cross, walianza kuwapa wagonjwa dawa ya kuiziba. Walikuwa 20 katika jaribio lile la kwanza, watu ambao dawa zingine zote zilikuwa zimeshindwa, na wengi walipata nafuu ndani ya siku chache tu.

Sitokini ya pili yenye jina kubwa ni interlekini 6. Kundi la Tadamitsu Kishimoto, kule Osaka, Japani, ndilo lilipata muundo wake mwaka 1986. Hii haikai kwenye kiungo peke yake. Inaingia kwenye damu, inafika kwenye maini na kuyaambia yatengeneze protini zingine, mojawapo ile inayoitwa CRP. Basi ukiona muganga wa hapa Goma anaandika VS na CRP kwenye karatasi ya labo, na majibu yanatoka juu, ile namba ni alama ambayo sitokini zimeacha kwenye damu yako. Interlekini 6 hiyo hiyo inaficha chuma ndani ya mwili, na mgonjwa anakuwa na damu kidogo hata akila sombe kila siku. Kwa hiyo mama akisema nimechoka, asiambiwe ni uvivu. Uchovu wenyewe ni ugonjwa.

Tufike kwenye dexa, kwa sababu ndiyo iko kwenye kila farmasi, kila kona, na hata juu ya meza za sokoni.

Dexamethasone na prednisone ni watoto wa kortisone. Mwaka 1948 huko Marekani, muganga Philip Hench aliwapa kortisone wagonjwa wa viungo, na watu waliokuwa hawasimami wakatembea. Mwaka 1950 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. Watu walifikiri ugonjwa umeisha. Kisha matokeo mengine yakaanza kuonekana. Dawa za familia hii zinanyamazisha karibu radio zote za mwili kwa mpigo, ile yenye kusema uongo na ile yenye kusema kweli. Ndiyo maana mgonjwa anapona haraka namna hiyo, na ndiyo maana analipa baadaye: uso unakuwa mviringo, sukari inapanda, tumbo linatoboka, mifupa inakuwa myepesi, na microbe zilizokuwa zimelala zinaamuka. Hapa kwetu kuna shida ya ziada. Wasichana wanameza dexa ili wanenepe, kwa hiyo mtu akiona mashavu ya mama yake yamejaa anasema anaendelea vizuri. Hapana, ndugu yangu. Mashavu yamejaa, na chini yake vidole vinaendelea kuharibika polepole.

Muganga anaweza kutoa prednisone kidogo, kwa muda mfupi, wakati wa kungoja dawa nyingine ianze kazi. Hiyo ni halali na ni ya busara. Kibaya ni kuifanya kuwa dawa ya miaka, ya kununua chembe tatu tatu kwa feranga za mkononi.

Na dawa nyingine ipo. Hili halisemwi vya kutosha, hata na sisi wanahabari, kwa sababu tukisikia dawa ya kisasa tunafikiria sindano ya maelfu ya dola. Ya kwanza ambayo waganga wa dunia nzima wanaanzia inaitwa metotreksate: vidonge vya zamani, bei yake iko chini ukilinganisha na sindano, na viko kwenye orodha ya dawa za lazima ya WHO. Inachukua majuma sita hadi kumi na mawili kufanya kazi yake, na hapo wengi wanakata tamaa kwa kuwa dexa imewazoesha kupona kesho. Kuna pia hydroxychloroquine, ndugu ya ile Nivaquine ambayo wazazi wetu walimeza kwa malaria mpaka vimelea vikaizoea na inchi ikaiacha. Na kuna sulfasalazine.

Ukitaka kujua nguvu ya hizi tatu, angalia utafiti mmoja wa mwaka 2013. Wagonjwa 353, wakiwemo wanajeshi wa zamani wa Marekani, ambao metotreksate peke yake haikuwatosha. Nusu wakaongezewa vidonge viwili vingine, nusu wakaongezewa sindano ya kuziba TNF. Baada ya majuma 48, kundi la vidonge halikuwa nyuma ya kundi la sindano kwa kiasi cha kumusumbua muganga. Hiyo haisemi sindano ni bure. Kuna wagonjwa ambao sindano tu ndiyo inawaokoa. Lakini mgonjwa wa Ndosho au wa Majengo hapaswi kuambiwa kwamba bila sindano ya Ulaya hakuna kitu. Njia ya kwanza ni ya vidonge, na ingeweza kuwa yake.

Sindano yenyewe ni biashara kubwa. Ile iliyokuwa inauzwa kuliko zote, adalimumab, ambayo jina lake la duka ni Humira, iliingiza zaidi ya dola bilioni 21 mwaka 2022. Ile ni karibu mara mbili ya bajeti ya serikali yote ya Kongo mwaka ule. Bei yake rasmi kule Marekani ilikuwa imepita dola 6000 kwa mwezi wakati nakala za bei nafuu zilipoanza kuuzwa huko Januari 2023. Ulaya nakala zilianza 2018. WHO iliiweka dawa hiyo kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2019. Kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na kufika kwenye frigo ya hospitali ya Goma ni jambo lingine.

Kuna kizuizi kingine ambacho si cha pesa. TNF si adui tu. Mtu aliyewahi kuvuta microbe ya kifua kikuu anaweza kukaa nayo miaka bila kuugua, kwa sababu chembe za mwili zimeizungushia lupango na kulinda mlango. TNF ndiyo inalisha walinzi wa ule mlango. Ukiiziba, lupango linabomoka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliripoti wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya sindano za infliximab, wengi ndani ya miezi mitatu hivi. Tangu siku ile hakuna muganga mwenye akili anayetoa dawa hizi bila kupima kifua kikuu kwanza. Na Kongo ni moja kati ya inchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. WHO inakadiria zaidi ya wagonjwa wapya 300 kwa wakaaji laki moja kila mwaka. Fikiri familia zilizolala watu kumi ndani ya hema moja kule Kanyaruchinya au Bulengo. Dawa inayookoa mkono wa mama wa Brussels inaweza kumuamushia mama wa Goma kikohozi cha damu, kama hakupimwa. Vidonge vipya vinavyoziba ujumbe ndani ya chembe, vile vya familia ya JAK, havina haja ya frigo, lakini hatari ya kifua kikuu wanayo vilevile.

Watu wengi wanasema: dawa hizi ni ngumu kwa Afrika, zinahitaji baridi, zinahitaji wataalamu. Mimi hapa sikubali yote. Hizo sindano ni kingamwili zilizotengenezwa kiwandani. Na kingamwili za kiwandani tayari zimefika Kivu ya Kaskazini, zilifika na kufanya kazi. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, ndani ya vita na vitisho, wagonjwa wa Ebola wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walizipokea mishipani katika jaribio lililoitwa PALM. Wagonjwa 681 waliingia. Moja ya zile dawa, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe na INRB wana sehemu yao ndani yake. Chanjo ya Ebola nayo ilihitaji baridi ya chini ya digri 60, na zaidi ya watu laki tatu walichanjwa. Frigo zilipatikana. Jenereta zilipatikana. Landcruiser zilipatikana, tena nyingi.

Tofauti iko wapi? Ebola inapanda ndege. Dunia iliogopa, na woga ulilipa. Vidole vya mama wa Katoyi havimuambukizi mtu wa Geneva. Na hata wale waliopona Ebola, wengi wanabaki na maumivu ya viungo miezi na miezi. Waganga waliyaandika kwa manusura wa Kikwit, tena kwa wale wa Afrika ya Magharibi. Virusi vimeondoka, kiungo bado kinauma. Homa ya chikungunya, iliyoandikwa mara ya kwanza kule Newala, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952, inafanya vile vile, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la kumusema mtu aliyepindwa na maumivu.

Kizuizi chetu cha kweli, kwa maoni yangu, ni mtu wa kuugundua ugonjwa mapema na mtu wa kumufuata mgonjwa. Waganga waliosomea viungo tu ni wachache sana katika Kongo yote, na wengi wao wako Kinshasa. Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mwenye kutaka kuonwa na mtaalamu anavuka barrière kwenda Rwanda, kama ana karatasi na dola, au anabaki na dexa yake. Metotreksate inataka damu ipimwe kila baada ya majuma fulani, na maini pia. Mtu aliyekimbia mara tatu kwa mwaka mmoja atapimwa na nani? Lakini muganga wa kawaida wa kituo cha afya anaweza kufundishwa kugusa vidole kumi, kuuliza swali la asubuhi, kuagiza CRP na radiografi, kuanza vidonge na kupiga telefone kwa mtaalamu. Miradi ya VIH ilifanya hivyo hivyo: wauguzi walifundishwa kufuata wagonjwa wa maisha yote, na watu waliokuwa wamehesabiwa wafu wakaishi.

Mwezi ule ule wa Oktoba 2025 Nobel ya tiba ya 2025 nayo ilitangazwa, tarehe 6 Oktoba. Iliwaendea Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, pamoja na Shimon Sakaguchi wa Osaka, mji ule ule wa Kishimoto, kwa chembe ambazo kazi yao ni kusema basi: zinatuliza ulinzi wa mwili usishambulie nyumba yake. Majaribio ya kuzitumia kama dawa yanaendelea. Ni habari nzuri, lakini kwa mtu wa Goma wa leo, kidonge cha zamani kina faida kuliko Nobel ya jana.

Kwa wale wanaoandikia radio, mambo machache ya kushika. Vidole vikivimba zaidi ya majuma sita, nenda hospitali na useme wazi kukaza kwa asubuhi kunachukua dakika ngapi; saa hiyo ndiyo muganga anaitafuta. Mtoto mwenye viungo vinavyohama, leo goti kesho kiwiko, baada ya kuumwa koo, asikae nyumbani hata kidogo, maana ile inaweza kugusa moyo na ina dawa yake. Metotreksate inamezwa mara moja kwa juma, siku moja tu. Kuimeza kila siku kumeua watu. Haitolewi kwa mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba, na haipatani na pombe. Chagua siku, tuseme Jumapili, uiandike juu ya sanduku kwa kalamu nene ili hata mtoto wa nyumba aione. Na wewe uliyemeza dexa kwa miezi, usisome habari hii ukaitupa leo usiku: mwili umesahau kutengeneza ya kwake, na kuikata kwa mara moja kunaweza kukuangusha. Ipeleke kwa muganga pamoja na karatasi yake, umwambie ni chembe ngapi na tangu lini, naye akupunguzie polepole.